Mimi, Rajabu na Injini Nyuma ya Viti

Jumapili, mwezi wa kumi, 2007. Mtwara.

Joto. Upepo umegoma tangu asubuhi na mji mzima unanuka mabibo yaliyochacha. Mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji, kwa hiyo naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, katika intaneti kafe ambayo feni yake inahamisha joto kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

Nina hasira. Nalisema hilo mapema ili anayepita hapa asije akalalamika kwamba sikumwonya.

Jana nilikuwa ndani ya gari moja na mwanamume ninayemchukia kuliko wote, tukipita katikati ya mikorosho ya Nanyamba kwa mwendo ambao marehemu mama angeukemea. Yeye ameshika usukani, mimi kando yake namsomea njia kutoka kwenye karatasi. Gari tulilijenga wenyewe. Leo yeye yuko hospitali, mimi niko hapa, na nusu ya mji inasema nimemuunguza kwa makusudi.

Sikumuunguza.

Ngoja nieleze kwa mpangilio, maana nikiendelea hivi nitatukana.

Rajabu ni fundi wa injini, mzaliwa wa Ziwani, mwenye gereji pale Chikongola. Mimi nafundisha uchomeleaji katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya bandari kutoka Tukuyu, nikakulia hapa, na kwetu huko nakujua kwa likizo tu. Tulioana bomani mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na msalaba wangu shingoni, yeye na kofia yake, ndugu wa pande zote mbili wamenuna kwenye benchi. Msajili alituuliza kama ndoa yetu ni ya mke mmoja au zaidi. Rajabu akasema mmoja. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Miaka ile watu wa mashindano ya magari walikuwa wameanza kuja kusini mara moja moja. Magari yao yalikuwa mazuri, na karibu yote yalikwama. Mchanga wetu haujali gari limetoka wapi. Tulikwenda kuyatazama Naliendele, tukarudi nyumbani tukicheka, na jioni ile barazani nikamwambia Rajabu kwamba tatizo ni uzito kukaa mahali pabaya. Injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, hayana kitu cha kuyakandamiza, basi yanachimba kaburi lao. Tukiiweka injini nyuma ya viti, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, uzito utakaa katikati na magurudumu yatauma mchanga. Akasema mambo hayo hufanywa na viwanda vikubwa vya Ulaya. Nikasema na huku yatafanywa na sisi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wazo lilikuwa langu. Tukiwa wawili, yeye husema tulilifikia pamoja. Akiwa na watu, husema ni lake.

Tulipata gari dogo la saluni lililogonga mti, la aina ile ambayo injini na gia boksi vimeshikana kama pacha na kuvuta magurudumu ya mbele. Ujanja wote uko hapo. Unawang'oa pacha hao jinsi walivyo, unawahamishia nyuma, na kilichokuwa kikivuta sasa kinasukuma. Mimi nikachomelea fremu mpya ya mabomba ya chuma, pamoja na kizimba cha kukinga vichwa vyetu gari likipinduka. Yeye akaifufua injini. Majirani walizoea kutuona tumelala chini ya chuma hadi jua linazama, tukibishana.

Tulikuwa na furaha. Naandika hilo nikiwa nasaga meno.

Kisha chuo kikanipeleka Morogoro kwa kozi. Niliporudi, jirani alinipokea stendi, akanibebea begi, na njiani akaniambia kwa upole kwamba mume wangu ameoa Nanyamba. Binti anaitwa Mwanaidi. Rajabu hakukana. Alisema dini yake inamruhusu. Nikamkumbusha alichomjibu msajili. Akasema siku ile aliona haya kusema vingine mbele ya baba yangu.

Tuliachana. Mimi nilibaki na fremu uani kwangu, yeye akabaki na injini gerejini kwake. Kwa muda mrefu fremu ile ilikuwa ya kuanikia nguo. Niliambiwa injini nayo ilikuwa imefunikwa gunia, kuku wamelala juu yake. Hiyo ndiyo habari pekee iliyonifurahisha mwaka ule.

Mwaka jana aliposikia mashindano yanarudi, hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya geti, akaniita "Dada Edna." Dada Edna! Miaka yote nilikuwa Edna, au mke wangu, au "we mwanamke" siku za ugomvi. Sasa naitwa kama karani wa posta. Nami nikamwita Bwana Rajabu, na tangu hapo tumeitana hivyo, kila neno na msumari wake.

Alisema tulimalize gari. Nilitaka kumfungia geti. Lakini nilitazama fremu, shati langu limening'inia kwenye kizimba nilichokichomelea kwa mikono yangu, nikaona huyu mwanamume alininyang'anya ndoa, na nikimfungia geti atakuwa ameninyang'anya na hili. Nikakubali kwa sharti: tutazungumza gari tu. Si habari za nyumbani, si habari za afya, hata mvua hapana.

Tulilishika sharti hilo vizuri mno.

Tatizo la kwanza lilikuwa maji. Injini iko nyuma, rejeta iko mbele inakopata upepo, kwa hiyo maji ya moto lazima yasafiri urefu wote wa gari kwenda kupoa na kurudi. Nilipitisha mabomba chini ya sakafu. Tulikwenda kulijaribu Msimbati bahari ikiwa imekupwa, kwenye ule mchanga mgumu, na lilikimbia kama limetumwa. Wavuvi waliacha kupara samaki wakasimama kutazama. Lakini njiani kurudi kisiki kilipasua bomba na tukamaliza safari kwa kuvutwa na lori la mkaa. Rajabu akaamua mabomba yapite ndani, kati ya viti. Nikasema maji ya moto hayapaswi kukaa chumba kimoja na watu. Akasema visiki havina huruma. Wote wawili tulisema kweli, na hakuna aliyekuwa tayari kumkubalia mwenzake ukweli wake. Mwishowe mabomba yalipita ndani kwa sababu mimi nilichoka kumsikiliza.

Tatizo la pili lilikuwa mkia. Gari la namna hii linageuka upesi kuliko unavyofikiri, na hilo ni jema mpaka pale linapoamua kuendelea kugeuka. Gari la kawaida hukuonya kwanza. Hili letu lilikuwa linatulia, linatulia, halafu ghafla unatazama ulikotoka. Ziwani, msimu wa mvua uliopita, lilitugeuza namna hiyo na kutuingiza kinyumenyume katika shamba la muhogo la mama mmoja anayeitwa Bi Somoe. Mihogo ilikuwa michanga. Tuliiangusha safu nzima.

Bi Somoe hakutaka maelezo. Aliingia ndani, akatoka na majembe mawili na mzigo wa vipande vya miti ya muhogo, akatuamuru tupande upya tulichoharibu. Rajabu alijaribu kumwambia kwamba wao ni watu wa kijiji kimoja, na kwamba yeye Bi Somoe anamjua baba yake Rajabu. Bi Somoe akasema basi baba yake ataona haya zaidi. Tukapanda. Yeye anachimba, mimi nachomeka, hatutazamani, tope mpaka magotini. Bi Somoe akakaa kizingitini anatuangalia.

"Nyie mna nongwa gani?" aliuliza mwishowe. "Mnachomeka huo muhogo kama mnamchoma ntu."

Tukaendelea kuchimba na kuchomeka. Lakini baada ya muda Rajabu akasema, kama anayezungumza na jembe, kwamba tangi la mafuta limekaa nyuma mno. Nami nikaliambia shimo la muhogo kwamba hata betri na tairi la akiba viko nyuma mno, na kwamba vyote vikija mbele mkia utakuwa mwepesi na pua itakuwa na adabu. Jembe likakubali. Juma lililofuata tulihamisha betri na tairi puani, tangi tukalisogeza hadi nyuma ya viti na kulijengea ukuta wa bati, na gari likatulia. Bado lilikuwa na kichaa, lakini sasa lilikuwa likibisha hodi kabla ya kuingia.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu tuachane. Tuliyafanya tumeinama.

Jana sasa.

Asubuhi, kabla ya kuanza, mtangazaji wa redio alikuja na kinasa sauti akauliza nani kalijenga gari lile la ajabu lisilo na injini mbele. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, helmeti kwapani. Rajabu akasema, "Ni kazi yangu na mafundi wangu." Mtangazaji akanitazama, akauliza kama mimi ni shemeji wa dereva. Nilifungua mlango nikaingia garini, kwa sababu mkononi nilikuwa na spana na palikuwa na watoto.

Basi tukaanza, nami nimebeba hasira hiyo kifuani chini ya mikanda.

Na nikiri jambo. Kwa muda fulani ilinitoka. Baada ya Naliendele barabara inakuwa nyekundu, mchanga mzito, mikorosho imebana pande zote, na pale gari lilifanya kila tulichokiota barazani. Magari makubwa ya wageni yalikuwa yanaogelea, letu linauma na kwenda. Nilisoma kona, yeye akazichukua. Kushoto ndefu, akachukua. Kulia kali, shimo ndani, akakwepa shimo. Sikuhitaji kupaza sauti. Tulimpita mmoja aliyekwama, tukampita mwingine, na nilimsikia Rajabu anacheka ndani ya helmeti, kicheko kile cha zamani, nami nikacheka pia kabla sijajizuia.

Tulikuwa tumekaribia Nanyamba mpira unaounga mabomba ya maji ulipochomoka.

Sikuelewa kwanza. Nilisikia mlio kama wa chui, kisha sioni kitu, mvuke mtupu, na Rajabu anapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu mzima. Bomba lilikuwa limeachia kando ya mguu wake wa kushoto na maji yalikuwa yakimiminika kwenye goti na kushuka kiatuni. Lakini hakuacha kukanyaga mafuta. Mguu mmoja unaungua na mwingine bado unashindana. Nilipitisha mkono wangu wa kulia katikati ya ule mvuke, nikaitafuta swichi kwa kupapasa, nikazima injini, kisha nikaushika usukani pamoja naye. Mchanga ukatusimamisha. Nilimfungua mikanda, nikamvuta nje kupitia upande wangu, nikamkata suruali kwa kisu cha watu waliokuwa wakiokota korosho.

Amelala chini, ngozi inatoka, na neno lake la kwanza lilikuwa hili.

"Umezima gari."

"Ulikuwa unaungua."

"Nani alikuambia uzime? Mbele yetu alibaki mmoja tu."

Nilimwacha hapo chini nikaenda kusimama chini ya mkorosho, nikiushika mkono wangu. Sikutaka anione nalia. Sikuwa nalilia mkono.

Usiku sikupata usingizi. Watu walishaanza kusema, kwamba mke aliyeachwa ameng'oa bomba. Lakini lililonikosesha usingizi ni jingine. Pale mpira ulipochomoka, bomba nililichomelea mimi, na klipu ya chuma inayobana mpira aliifunga yeye. Kama weldi yangu ilipasuka, basi nimemuunguza kweli, na mji una haki.

Leo asubuhi sikwenda kanisani. Nilikwenda mahali gari lilikovutwa, nikapanda ndani, nikamulika kwa tochi.

Weldi yangu ilikuwa nzima. Haina hata unywele wa ufa. Klipu ndiyo iliyokatika, na chini yake mpira ulikuwa umekatwa mviringo, safi, kama kwa wembe. Mtu aliikaza kwa nguvu zake zote, akapitiliza. Mtu mwenye hasira hukaza hivyo. Nikakumbuka jana asubuhi, kabla ya mtangazaji, nilimwambia aikague klipu ile, na yeye akaichukua spana bila kunijibu.

Nilifurahi. Nitaliandika tu. Nilikaa peke yangu kwenye kiti cha msoma njia nikafurahi kwa sauti.

Nikaifunga ile klipu kwenye leso na kwenda nayo hospitali. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Ningeanza na Morogoro, nipite bomani, nifike kwa mtangazaji, na mwisho ningemwekea ile klipu kifuani nimwambie ajiunguze vizuri siku nyingine.

Mwanaidi alikuwa mlangoni mwa wodi na bakuli la uji. Ilikuwa mara ya kwanza tunasimama karibu hivyo. Ni mfupi kuliko nilivyomchukia. Hakunisalimia.

"Wanasema umemuunguza," alisema.

"Amejiunguza."

Alinitazama mkono uliofungwa bendeji. Kisha akasema kwamba tangu aolewe hajawahi kula chakula cha jioni na mumewe bila kusikia habari za fremu, na Edna amesema hivi, na Edna hataki vile, na Edna ni mbishi lakini ukiangalia vizuri ana haki. "Mimi niliolewa na mtu," alisema, "sikuolewa na injini. Wala sikuolewa na wewe. Likateni hilo gari mgawane." Akanipisha, lakini si sana. Ilibidi nipite kwa ubavu.

Rajabu alikuwa amelala, mguu umeinuliwa juu ya mto. Uso umemshuka. Nilifungua leso nikaiweka klipu juu ya shuka, nikavuta pumzi ya kuanza.

Aliishika. Akaigeuza mara moja. Ni fundi, hakuhitaji kuambiwa.

"Niliikaza mimi," alisema.

Ndiyo hivyo tu. Hakutafuta kisiki, wala joto, wala mwenye duka aliyeuza klipu mbovu. Nilisimama pale na hotuba yangu yote mdomoni, haina pa kwenda. Sijui kama nimewahi kumchukia zaidi ya dakika ile. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kusema neno fupi hivyo, alikuwa nalo wapi miaka yote?

Kisha akasema, huku akitazama dari, kwamba daktari amemwambia mguu wa klachi hautakanyaga kitu kwa miezi, na mashindano yanayofuata ni Lindi. Gari litahitaji dereva anayelijua.

"Endesha wewe," alisema. "Mimi nitasoma njia."

Nilisema nina masharti. Mabomba yatoke ndani, yarudi chini ya sakafu, nitayajengea ngao ya bati nene na visiki vijaribu. Akasema bati nene lina uzito. Nikasema basi apunguze uzito wake kwanza. Sharti la pili, mtangazaji yeyote akiuliza nani kalijenga, majina mawili, na langu litangulie. Akasema hilo tutaona. Nikamwambia hakuna cha kuona, nikachukua klipu yangu na kuondoka. Mwanaidi bado alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Safari hii hakunipisha kabisa, nikazunguka.

Sijamsamehe, na wala sikusudii. Kama kuna msomaji aliyekuwa anangoja hilo, atafute blogu nyingine.

Lakini nitaendesha. Niliamua kabla sijafika geti la hospitali, na nilikuwa nimeudhika kuona jinsi nilivyoamua upesi. Nimeichomelea fremu ile, najua inapokunja na inapokataa kukunja. Kwa nini niikalie kama abiria?

Kinachonisumbua ni kingine. Njia ya Lindi ina vilima, ina kona ambazo huzioni mpaka umezifikia. Mbele yangu kutakuwa na vumbi tu, na kushoto kwangu atakaa mwanamume huyu huyu na karatasi magotini, aseme kulia. Nami, katika mwendo ule, sitakuwa na muda wa kumuuliza mara ya pili.

Je, nitageuza usukani?

Nikijiuliza leo jioni hii, na mkono huu unavyopwita, jibu ni hapana. Kwa hiyo akitoka hospitali tutaanzia uwanja mtupu, mchana kweupe, gia ya kwanza.